Bosi Wangu Alipopiga Magoti Kikaoni

Mwaka huu nimemwona bosi wangu akimpigia magoti mzee mmoja wa kijiji cha Zagayu, asubuhi kweupe, mbele ya wakurugenzi wote wa Dar.

Bosi mwenyewe ni mwanamume. Ana ndevu na kitambi.

Na kwetu Usukumani wanaopiga magoti kusalimia wazee ni wanawake. Mwanamume anasimama, anainama kidogo, inatosha.

Kaa vizuri nikusimulie, maana watu wa Bariadi wanaisimulia hii habari kwa kuongeza chumvi, wakati haihitaji hata punje.

Mimi naitwa Nyamizi. Ni mkufunzi wa mashambani wa kampuni moja inayonunua pamba mkoa wa Simiyu. Jina la kampuni naliacha, bado nakula hapo.

Kazi yangu ni kufundisha wakulima kupiga dawa ya wadudu. Napanda pikipiki, naingia vijijini, nasimama kwenye matuta na bomba mgongoni, naonyesha. Upepo ukitoka huku, wewe anzia kule. Vaa shati la mikono mirefu. Ukimaliza, oga kabla hujamshika mtoto.

Narudi nyumbani nimepauka kwa vumbi, lakini watoto wangu wanasoma kwa hiyo kazi na naipenda.

Bosi wetu tumwite Januarius.

Januarius kazaliwa Nyashimo, pale inapopita barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Mama yake kauza samaki wa kukaanga kando ya lami mpaka mtoto akamaliza chuo. Lakini mwamba alikaa Dar kidogo, akarudi kwetu akiwa meneja wa kanda, na ukimsikia anavyoongea utadhani kazaliwa ndani ya kompyuta.

Vumbi la Bariadi likawa linamletea mafua. Maji ya kisima yakawa yanamsumbua tumbo. Kisukuma akakisahau, yaani akajifanya kakisahau, maana siku alipobana kidole kwenye mlango wa gari alitukana kwa Kisukuma safi, na mimi nilikuwepo.

Msimu ulipoanza akatuita wakufunzi wote ofisini. Mezani kulikuwa na maboksi, na ndani ya maboksi kulikuwa na madude meusi ya kuvaa usoni.

"Karibuni kwenye ulimwengu mpya," akasema.

Nikasema moyoni, haya.

Akaeleza kwa mbwembwe zote. Ukivaa miwani ile unaingia kwenye dunia ya mtandaoni. Humo kuna ukumbi wa mikutano wenye meza ndefu na dirisha linaloonyesha bahari ambayo hakuna aliyeiomba. Kila mtu ana katuni yake, imevaa suti ya bluu na jina kifuani. Ukigeuza kichwa, katuni inageuza. Ukiinua mkono, inainua. Ukiinama, inainama.

Mikutano yote itafanyika humo. Mafunzo ya wakulima nayo humo humo, kwenye shamba la pamba la kutengeneza. Hakuna mafuta ya pikipiki, hakuna posho, hakuna kukodi ukumbi wala kupika chai ya wajumbe.

"Tunabana matumizi," akasema, akatutazama kwa namna ambayo kila mtu alielewa kwamba matumizi yenyewe ni sisi.

Sina ugomvi na mashine. Nasikia hata marubani hujifunzia kwenye vitu kama hivyo, na ndege zinaruka vizuri tu. Ugomvi wangu ni na mtu anayenunua jembe jipya halafu anaamua kwamba mvua haihitajiki tena.

Kisha akatoa kanuni zake. Ya kwanza, niliyoikumbuka baadaye kuliko zote, ilikuwa hii.

"Humo ndani hakuna salamu. Ukiingia, ingia kwenye hoja. Salamu zinakula bando."

Mwenzangu Paschal, mkufunzi wa upande wa Itilima kama mimi, alinikanyaga mguu chini ya meza. Huku kwetu mtu akifika mahali asisalimie, watu wanajiuliza kama kafiwa au kaja kuroga. Na salamu zetu si za kurusha kwa mkono ukipita. Unaulizwa ya kwako, ya ng'ombe, ya mvua, ya mgonjwa wa juzi, ndipo unaulizwa kilichokuleta.

Januarius alizifuta zote kwa sentensi moja, akakaa kitako, akajiona mtu.

Basi tukaanza.

Katuni hazikuwa na miguu. Zilikuwa zinaishia kiunoni, zinaelea nyuma ya meza. Za wakurugenzi wawili zilikuwa zinatazama dari kikao kizima, na Paschal akanieleza kwamba hiyo ina maana mwenyewe kaivua miwani kaiweka kitandani, kaendelea na mambo yake. Mtu analipwa kwa kuhudhuria, halafu kinachohudhuria ni shuka.

Vikao viwili vya kwanza Januarius aliongea mpaka masikio yakauma. Kuanzia cha tatu akaandika kwamba mtandao wake unasumbua, kwa hiyo yeye atakuwa anaandika tu.

Tangu siku hiyo katuni yake ikawa inakaa kimya, inatikisa kichwa, inanyoosha kidole gumba. Na ukiuliza jambo, juu ya kichwa chake yanatokea maneno: "Nimekupata. Tutalifanyia kazi."

Nikamwambia dawa iliyoletwa imeganda chini ya chupa. Nimekupata, tutalifanyia kazi.

Nikamwambia wakulima wa Zagayu wanalalamika miwani inawapa kizunguzungu. Nimekupata, tutalifanyia kazi.

Paschal siku moja akaomba ruhusa, mke wake kajifungua. Nimekupata, tutalifanyia kazi.

"Kazi yenyewe imeshafanyika, meneja," Paschal akasema, na sisi tulioko kwenye miwani tukacheka mpaka katuni zikatetemeka.

Kidole gumba kikanyooshwa.

Wakurugenzi wakampenda kupita maelezo. Bi Gloria, mwenyekiti wao, mwanamke wa Dar asiyepoteza neno, akasema mbele yetu sote kwamba Januarius amebadilika, siku hizi ni kiongozi msikivu, hakatizi watu. Nilitamani kutapika, lakini ndani ya miwani huwezi hata kutema mate.

Wakati huo mafunzo ya wakulima yalikuwa yanaendelea kwenye lile shamba la kutengeneza. Mkulima anavalishwa miwani kwenye ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, anapewa kijiti cha kushika mkononi kama bomba, anatembea hatua mbili mbele, mbili nyuma, anapiga dawa kwenye pamba ambayo haina hata jani lililotoboka. Akimaliza inatokea alama yake na makofi ya watu ambao hawapo.

Sisi tulikatazwa kwenda mashambani. Nikikuta pikipiki yangu imeegeshwa kivulini ofisini roho ilikuwa inaniuma.

Masunga alipata mia kwa mia.

Huyu Masunga ni kijana wa mzee Mayala wa Zagayu. Alikuwa ametoka kukaa miaka kwa mjomba wake akichunga ng'ombe, hajawahi kubeba bomba la dawa maishani. Baba yake alikuwa anauguza mgongo mwaka huo, ndiyo maana kazi ikaangukia kwake. Akavalishwa miwani, akapiga dawa hewani, akapigiwa makofi, akaambiwa amehitimu.

Asubuhi moja akaingia shambani kweli. Kifua wazi, kwa sababu jua lilikuwa kali na kule kwenye miwani hakuna aliyemwambia habari ya shati. Akaanza kupiga dawa akielekea unakotoka upepo, tuta baada ya tuta, na dawa yote ikawa inamrudia usoni.

Mama yake alimkuta kalala kwenye mfereji anatapika povu, mboni za macho zimesinyaa, mate yanamtoka. Wakampa maziwa, wakapiga simu. Nilivunja amri ya Januarius, nikawasha pikipiki na kwenda kumchukua. Tulimbeba katikati, mimi naendesha na dada yake kamshikilia kwa nyuma, mpaka zahanati, na kutoka zahanati gari likampeleka mjini.

Hakufa. Namshukuru Mungu kila nikimwona. Lakini mikono yake inatetemeka mpaka leo, kikombe cha uji anakishika kwa mikono miwili.

Niliandika taarifa nikaituma. Jibu likaja kwenye simu yangu, safari hii kutoka kwa Januarius mwenyewe, refu kidogo kuliko la kila siku: "Mhusika alihudhuria mafunzo na kufaulu kwa kiwango cha juu. Hili ni kosa la kibinadamu. Mkufunzi usiende tena shambani bila kibali."

Nililisoma nimesimama kwenye korido ya hospitali. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule mtu saa ile.

Sasa njoo kwenye kikao chenyewe.

Januarius alikuwa amependekeza kwa wakurugenzi kwamba wakufunzi wa mashambani tuondolewe moja kwa moja, kazi yote ifanywe na miwani. Kikwazo kilikuwa kimoja. Mkataba kati ya kampuni na wakulima unasema kampuni itapeleka mkufunzi shambani kila msimu, na kuubadilisha lazima mwenyekiti wa wakulima akubali mwenyewe kikaoni.

Mwenyekiti wa wakulima ni mzee Mayala. Baba yake Masunga.

"Mpelekee miwani," Januarius aliniandikia. "Mwonyeshe pa kubonyeza akubali. Mzee wa kijijini hatachukua muda."

Nikabeba miwani mbili kwenye begi, yake na yangu, nikaenda Zagayu. Ukitaka kujua udhalili, beba mwenyewe kamba utakayonyongewa, kwa mafuta ya kampuni.

Mzee Mayala nilimkuta ofisi ya chama, kavaa koti lake la kanisani. Nikapiga magoti nikamsalimia, tukaulizana habari mpaka zikaisha. Kisha nikamweleza ukweli, kwamba akibonyeza kukubali mimi na wenzangu ndio basi.

"Wao wananitaka niseme tu ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nivalishe. Nikawaone."

Nikamvalisha. Akawa anageuza kichwa polepole huku na huku.

"Nyamizi."

"Naam, baba."

"Hawa watu miguu yao imeenda wapi?"

"Hawakuwekewa, baba."

Akaguna. Nikavaa yangu nikaingia nyuma yake.

Meza ndefu, bahari dirishani. Bi Gloria kichwani pa meza. Wakurugenzi, wawili wao wakitazama dari kama kawaida. Paschal na wakufunzi wengine pembeni. Na kule kulia, suti ya bluu yenye jina la Januarius, kimya, kidole gumba tayari.

"Tuanze," akasema Bi Gloria. "Hoja ni moja. Mwenyekiti wa wakulima yupo, tunaomba tamko lake."

Mzee Mayala hakusoma kanuni za bando. Hata angezisoma, asingezifuata.

"Nitasema," akajibu. "Kwanza nisalimie."

Akaanza kichwani pa meza. Mtu mmoja, salamu moja, taratibu, kwa jina lililoandikwa kifuani. Bi Gloria akajibu kwa Kiswahili, kistaarabu. Mkurugenzi wa pembeni akasema asante. Zile mbili za dari hazikujibu, mzee akazisalimia mara ya pili, kisha akapita. Paschal akajibu vizuri.

Akafika kwa Januarius.

"Mwangaluka," mzee akasema, salamu yetu ya asubuhi, kwa ile sauti ya baba mwenye mji anapokukuta asubuhi uani.

Na katuni ya Januarius ikashuka.

Haikuinama. Ilishuka yote wima, suti, tai na jina, taratibu, kichwa kimelala kidogo upande, mpaka meza ikamfika kidevuni. Ikabaki hapo, macho chini.

Katuni zikamgeukia.

"Januarius," Bi Gloria akauliza, "kiti chako kimevunjika?"

Lakini mimi nilikuwa nimeshajua. Ule mshuko naujua mwilini mwangu. Mzee akinisalimia magoti yangu hujikunja kabla akili haijapata habari. Nimewahi kupiga magoti nikiwa naongea na mjomba kwa simu, nipo stendi, watu wananishangaa. Aliyevaa ile miwani alikuwa mwanamke, na alikuwa amelelewa.

Mzee Mayala naye alijua. Hakucheka wala hakupandisha sauti.

"Mayu," akasema, "simama. Wewe ng'wana nani?"

Yaani, mama, wewe ni mtoto wa nani. Na hilo swali, likiulizwa na mzee, kwetu halijibiwi kwa kidole gumba. Unaweza kumdanganya polisi, unaweza kumdanganya mwajiri. Ukiulizwa baba yako unamtaja, kwa sababu ukimkana hapo umemzika akiwa hai.

Nikaona alama ya kipaza sauti chake ikiwaka, kwa mara ya kwanza tangu kikao cha tatu.

"Ng'wana Bujiku, baba," ikatoka sauti nyembamba ya kike ndani ya suti ya bosi. "Wa Mkula. Naitwa Elizabeth."

Mtu mmoja akapaliwa na kitu, nadhani chai.

"Na mwenye jina hili lililoandikwa hapa?"

"Ni mume wangu, baba."

"Yuko wapi?"

"Ameenda Nyashimo. Anapakia mpunga."

Bi Gloria akaingilia. Sauti yake haikupanda, ila ilikuwa imepoa vibaya. "Dada, umekuwa ukikaa hapo badala yake tangu lini?"

"Tangu pamba ilipokuwa na majani mawili."

Hapo tulikuwa tunakaribia kuvuna.

Hesabu mwenyewe. Msimu mzima yule bwana ananunua na kuuza mpunga kando ya lami, mshahara wa meneja unaingia, na mke wake yuko chumbani Bariadi kavaa miwani anaandika nimekupata tutalifanyia kazi. Na hakuna aliyeona tofauti. Wakurugenzi waliona nafuu.

Bi Gloria alitaka kufunga kikao, lakini mzee Mayala alikuwa hajamaliza.

"Mama, bado sijatoa tamko," akasema. "Nilikuja kwa hilo. Nimuulize kwanza huyu mtoto."

Hakuna aliyethubutu kumkatalia.

"Ng'wana Bujiku, wewe umekulia kwenye pamba?"

"Ndiyo, baba."

"Hilo shamba lao la miwani umeingia?"

"Nimeingia mara nyingi. Nilikuwa nakaa humo badala ya mume wangu wakati wakulima wanafundishwa."

"Upepo wa humo unatoka wapi?"



"Humo hakuna upepo, baba."

Mzee akashusha pumzi. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega kwenye benchi moja, nikasikia mwili wake ukilegea.

"Mwanangu Masunga alifundishwa humo," akawaambia wakurugenzi. "Alipata alama zote. Shambani kwangu upepo upo. Sasa hawezi kushika kikombe. Mnataka nikubali mtu wa kumwonyesha upepo aondoke. Mimi sikubali. Hilo ndilo tamko langu."

Akavua miwani mwenyewe, akaniwekea mapajani kama mtu anayerudisha sahani chafu.

Jioni ile Bariadi yote ilikuwa na habari. Mimi sikumwambia mtu. Paschal sidhani kama alinyamaza.

Elizabeth alikuja ofisini kesho yake kurudisha miwani. Nilikuwa sijawahi kumwona uso. Mwanamke mwembamba, kitenge safi, macho yamevimba. Akaniamkia kana kwamba yeye ndiye mwenye kesi.

"Dada, alinifundisha kila kitu," akaniambia. "Pa kubonyeza, la kuandika, nicheke saa ngapi. Aliniambia hata nikitaka kupiga chafya nivue miwani kwanza."

"Na magoti?"

"Hakukumbuka. Baba yake tunaishi naye. Kila asubuhi nampigia magoti pale pale mbele ya mume wangu, na nadhani alishaacha kuniona."

Nikampa kiti, nikampa maji.

Akaniambia na mengine. Usiku alikuwa ametukanwa sana, na alfajiri Januarius alikuwa amempakia kwenye gari na kumpeleka Mkula kwa wazazi wake. Kumrudisha. Akakaa mbele ya mzee Bujiku akadai ng'ombe wake wa mahari, kwamba binti amemharibia kazi.

Mzee Bujiku akauliza kosa la binti ni lipi.

"Alipiga magoti," Januarius akasema. "Mbele ya kikao."

"Alimpigia nani?"

"Mzee fulani alimsalimia."

Mzee Bujiku akamwomba arudie, labda masikio yake yamezeeka. Januarius akarudia.

"Basi mimi sina ng'ombe wa kurudisha," mzee akasema. "Huyu nilimlea vizuri."

Elizabeth alibaki Mkula. Miwani ndiyo iliyomleta Bariadi siku ile, na alipoikabidhi akapanda gari akarudi kwa baba yake.

Wiki iliyofuata Januarius aliitwa na wakurugenzi.

Alikuja ofisini kajipiga pasi, kanyoa, kabeba na faili la kujitetea. Siku hiyo alitusalimia wote, mmoja mmoja, kwa Kisukuma. Lugha ilikuwa imerudi.

Chumba chake na chetu vinatenganishwa na ubao wa plywood, na ile miwani inavujisha sauti. Nilikuwa na kazi zangu mezani. Sikuzifanya.

Bi Gloria hakuzunguka. Akamwambia kwamba wakurugenzi wamekaa na kupitia msimu mzima. Wakufunzi wanabaki, kwa sababu mwenyekiti wa wakulima amekataa na mkataba uko palepale. Lakini cheo cha meneja wa kanda kimeonekana hakina umuhimu.

"Hakina umuhimu kivipi, mwenyekiti?"

"Kimekaa wazi msimu mzima na hakuna kilichosimama. Tena malalamiko yalipungua. Tumekifuta."

Nikasikia kiti kikiburuzwa.

Alijaribu kila kitu. Akasema alikuwa anaugua. Akasema mpunga ni wa mama yake. Akasema mke wake alivaa miwani bila ruhusa, na hapo nilitaka kuubomoa ule ubao kwa teke.

Mwisho sauti ikamlegea kabisa.

"Mwenyekiti, naomba nije Dar. Jambo kama hili haliwezi kuongelewa humu kwenye katuni. Naomba tukae ana kwa ana, unitazame usoni, unielewe kama binadamu."

Nadhani Bi Gloria alikuwa anatafuta neno, au alikuwa anajizuia kucheka, siwezi kujua. Katuni yake haionyeshi.

"Nimekuelewa, Januarius," akasema. "Lakini nauli hiyo atalipa nani? Tunabana matumizi."

Kisha akatoka kikaoni.

Januarius alibaki mle chumbani muda mrefu. Nilipopita mlangoni nilimwona bado kavaa miwani, kaukabili ukuta, mikono imenyooka mbele kama anayeshika meza. Sikumwonea huruma. Nimejaribu tangu siku hiyo na bado sijaweza.

Masunga bado anakunywa uji kwa mikono miwili. Mimi bado napanda pikipiki kwenda Zagayu.

Na wewe bosi unayenisoma hapa, umekaa mahali pa baridi, unapanga kumfundisha mtu kazi ambayo hujawahi kuinusa, nikuachie neno moja. Ukishawaaminisha watu kwamba binadamu si lazima awepo ili kazi ifanyike, usije ukashangaa siku watakapokuamini na kuanza na wewe.